Jiko Lisilowashwa la Bukoto

Samahani ikiwa gazeti hili limekukuta mezani. Mwaka 1972 jarida la kitabibu la The Lancet la Uingereza lilichapisha makala iliyopima vinyesi. Wanakijiji wa Uganda walionekana kutoa takriban gramu 470 kwa siku, na chakula kiliwachukua kama saa 35 kupita tumboni hadi kutoka. Waingereza waliopimwa, mabaharia wa jeshi na wake zao, walitoa kama gramu 100 tu, na chakula kilikaa ndani yao zaidi ya siku tatu.

Mmoja wa waandishi wa makala hiyo alikuwa Denis Burkitt, daktari mpasuaji mwenye jicho moja, la pili alilipoteza akiwa mtoto. Alifika Uganda mwaka 1946, akaanzia Lira, kisha akahamia hospitali ya Mulago jijini Kampala. Dunia inamkumbuka zaidi kwa saratani ya watoto inayobeba jina lake, aliyoieleza mwaka 1958. Baadaye alirudi kwao Uingereza, akaanza kujiuliza juu ya wagonjwa ambao hakuwa akiwaona Mulago: wenye kidole tumbo kilichovimba, wenye bawasiri, wenye saratani ya utumbo mpana. Uingereza wodi zilijaa watu wa namna hiyo. Mwenzake Hugh Trowell, aliyefundisha udaktari Mulago tangu miaka ya 1930 hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, alikuwa na maswali yaleyale. Ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa adimu kwa Waafrika kiasi kwamba mwaka 1956 Trowell na mwenzake waliandika makala nzima katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki kuhusu mgonjwa mmoja tu. Mwaka 1975 Burkitt na Trowell walitoa kitabu kilichoifanya dunia ianze kuzungumzia nyuzinyuzi za chakula. Kila boksi la nafaka za asubuhi linalojisifia nyuzinyuzi huko Ulaya na Marekani lina deni kwa mlo wa Waganda wa vijijini: matooke, viazi vitamu, maharage, mboga za majani.

Kutoka Mulago hadi Bukoto ni mwendo mfupi wa boda. Unashuka Kamwokya, unafuata Kira Road, umefika. Upande mmoja ni uzio mrefu wa klabu ya Kabira na nyumba za watu wenye nafasi. Upande mwingine, kuelekea Kyebando na Kamwokya, ni mizigo, yaani vyumba kimojakimoja vilivyopangana kwa safu, kila mlango na pazia lake na jozi ya kandambili. Humo wanapanga wanafunzi. Makerere iko upande huu, Kyambogo upande ule, na katikati vimetapakaa vyuo vingine vya kila aina. Usiwaulize wanafunzi hao kama wanajua lishe bora. Wanaijua. Makundi ya vyakula waliyaimba shule ya msingi, na wengine wanaweza kukuchorea mchoro wake ubaoni. Ninachotaka kusema ni kwamba ushauri mwingi wanaopewa unajibu swali ambalo hawakuuliza. Kinachoamua mlo wa mwanafunzi wa Bukoto ni saa anayorudi nyumbani na shida ya kuwasha moto.

Jioni ikiingia, kando ya barabara inayotoka Bukoto kwenda Kisasi, vibanda vya chapati vinawasha taa. Madonge ya unga yameshapakwa mafuta na kufunikwa kitambaa. Kijana anavunja mayai mawili ndani ya kikombe cha plastiki, anakatia kitunguu na nyanya juu ya kiganja chake bila ubao, kisu kikikaribia ngozi bila kuigusa, anatupia kabichi kidogo na chumvi, anapiga kwa uma. Anamimina kwenye kikaango bapa chenye mafuta, anafunika kwa chapati, anageuza, anaviringisha, anatia ndani ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki, au kipande cha gazeti. Hazikupita dakika tano. Hiyo ndiyo rolex. Ina heshima yake: mwaka 2016 ilifanyiwa tamasha lake Kampala. Jirani yake ni kikomando, chapati iliyokatwa vipande na kumwagiwa maharage, ambayo mwanamuziki Bobi Wine wa Kamwokya aliitungia wimbo kabla hajaingia bungeni. Mkenya ataitambua kuwa ni chapo madondo. Mtanzania amekula chapati maharage maisha yake yote.

Mimi si katika wanaomlaani muuza chapati. Mayai mawili yanampa mwanafunzi gramu kama 12 za protini, moto, mbele ya macho yake, saa tatu usiku, mahali ambapo hakuna mwingine anayempikia. Kikomando ni bora zaidi kuliko sifa zake, kwa kuwa maharage ni miongoni mwa vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi kuliko vyote vinavyouzwa barabara ile. Kasoro iko kwenye vipimo. Chapati mbili za unga mweupe, maharage ya kijiko, mafuta yasiyo na kizuizi. Mteja wa kila siku ana nguvu ya kuagiza: chapati moja, maharage mara mbili, kabichi ijae mkono, na parachichi lililonunuliwa kwa mama wa jirani likatwe hapohapo. Muuza chapati hatakataa. Anachotaka ni urudi kesho.

Kinachonitia wasiwasi ni chupa inayofuatana na rolex. Soda ya nusu lita ina sukari ya gramu 50 na zaidi kidogo, vijiko vya chai kama 12 au 13. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asivuke takriban gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima, na linasema ingefaa zaidi akibaki chini ya 25. Chupa moja imemaliza siku. Na mwanafunzi hajanywa chai bado, ile ya maziwa yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Kama mtu angeniambia nimtajie badiliko moja tu, lisilohitaji jiko wala mkaa wala mwenzake wa chumba, ningemwambia aache soda awe na chupa ya maji yaliyochemshwa. Akiba yake kwa wiki inatosha kununua mboga.

Nyakati nyingine husahaulika kwamba jiko la mwanafunzi liliwahi kuwa jukumu la chuo. Mwaka 1952 wanafunzi wa Makerere waligoma kwa sababu ya chakula kibovu. Abu Mayanja, mmoja wa vinara wao, alifukuzwa. Gavana Andrew Cohen akamsaidia kwenda kusoma Cambridge, na miaka ya mbele akawa waziri. Kijana alikuwa na haki ya kugombana na mtu kuhusu sahani yake, kwa sababu alikuwepo mtu wa kugombana naye. Kuanzia mwaka 1992 Makerere ilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia, idadi ikafumuka, mabweni yakabaki yaleyale, na madarasa ya jioni yakashamiri. Leo walio wengi wanalala nje ya chuo na wanajilisha wenyewe. Anayetoka darasani saa tatu usiku, akakaa kwenye foleni ya magari, akafika Bukoto saa nne, huyo umwambie awashe sigiri? Mkaa unataka muda kushika. Mkaa wenyewe bei yake haishuki. Na sigiri isiingizwe chumbani kamwe, hata mvua inyeshe vipi, hata dirisha liwe wazi. Moshi wake usioonekana umewaua watu wakiwa usingizini.

Kwa hiyo tuanze na moto. Hapohapo Mulago kuna kitengo cha lishe kinachoitwa Mwanamugimu, kilichoanzishwa miaka ya 1960 kuwatibu watoto wenye utapiamlo. Trowell na wenzake walikuwa wameandika kitabu kizima kuhusu kwashakoo mwaka 1954, lakini kitabu hakimlishi mtoto. Wazo la Mwanamugimu lilikuwa jikoni. Mama alifundishwa kutengeneza kitobero: kidogo cha matooke au kiazi, kidogo cha maharage, karanga au samaki, kidogo cha mboga za majani, vyote pamoja ndani ya jani la mgomba, na kifurushi kile kikaiva kwa mvuke juu ya chungu kilekile cha familia. Mama hakuambiwa anunue kitu asichokuwa nacho. Wala hakuongezewa moto wa pili. Mradi wa lishe unaofikiria kuni namna hiyo ni nadra hadi leo.

Mwanafunzi naye ana kitobero chake, na watu wa Kampala wanakila bila kukiita hivyo. Ni katogo. Matooke ya kuvukizwa kwenye majani ya mgomba yanataka saa kadhaa, ndiyo maana hakuna mpangaji wa muzigo anayejaribu. Katogo inataka chungu kimoja na muda usiofika saa nzima. Paka mafuta kidogo mikononi kabla ya kumenya, la sivyo utomvu utakaa kwenye vidole wiki nzima. Zitumbukize ndizi kwenye maharage ambayo yalishachemshwa, tia nyanya, kitunguu, chumvi kidogo. Zikikaribia kulainika, koroga kijiko cha unga wa karanga kwenye maji ya vuguvugu na umimine juu. Dodo, ambayo Waswahili wa pwani na bara tunaiita mchicha, ikatwe na kuwekwa mwishoni kabisa, dakika tano zatosha, chungu kifunikwe. Ukipata mukene, wale dagaa wa Ziwa Victoria, uoshe mchanga wao vizuri na kuwaweka badala ya karanga. Dagaa huliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo kalsiamu iko humo humo.

Ugumu uko kwenye yale maharage yaliyokwisha kuchemshwa. Hapo ndipo mwanafunzi mmoja peke yake anashindwa, na wanne wanaweza. Maharage makavu yaliyolowekwa usiku kucha, yakamwagwa maji, yanaiva mapema sana kuliko yasiyolowekwa, na tofauti hiyo ni mkaa, ni pesa. Wapangaji wanne wa safu moja wakichanga Jumapili, chungu kikubwa kikachemka mara moja, kila mmoja anaondoka na sehemu yake bila nyanya wala kitunguu ndani, maana maharage yaliyokwisha kuungwa yanachacha upesi. Bila friji, yachemshwe tena asubuhi na jioni, na ifikapo jioni ya siku ya pili yawe yamekwisha. Katikati ya juma mtu anapiga chungu kingine. Zamu ndiyo mtihani. Nimesikia ugomvi wa vyungu uliovunja urafiki wa miaka, mara nyingi kwa sababu ya yule mmoja ambaye siku ya zamu yake huwa ana kipindi. Bora zamu ziandikwe mlangoni kabla mkaa haujanunuliwa.

Ununuzi ni sehemu rahisi, pengine rahisi kuliko jiji lolote ninalolijua. Jioni, kina mama wanatandika maturubai kando ya njia na kupanga mafungu ya nyanya, dodo, nakati, bbugga, ntula, karoti. Vijisoko hivyo vya chini wenyeji wanaviita toninyira, usinikanyagie. Anayeweza kufika soko la Kalerwe asubuhi atapata zaidi kwa pesa ileile, lakini nauli ya boda inaweza kuila tofauti yote, kwa hiyo ni safari ya watu kadhaa na gunia moja. Wilbaro za fenesi na nanasi zinapita, muuzaji akikata kipande mbele yako. Hapa ningeomba upime usafi wa kisu na maji yake kabla ya utamu wa tunda. Papai zima unalomenya mwenyewe lina amani zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Kwa macho ya Bukoto, hiyo ni kama parachichi moja, kipande kizuri cha papai na bakuli dogo la dodo iliyopikwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba karibu watu wazima tisa kati ya kumi nchini Uganda hawafikii mafungu matano ya matunda na mboga kwa siku. Utafiti huohuo ulikuta shinikizo la damu kwa takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne. Trowell aliyeandika makala nzima kwa ajili ya mgonjwa mmoja wa moyo asingeamini.

Kuna jambo lingine la kuchekesha kuhusu viazi. Kiazi kitamu katika vyumba vya wanafunzi kina sifa mbaya, chakula cha kijijini, chakula cha kukosa. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa watu wanne, na mmoja wao alikuwa Mganda, Robert Mwanga, kwa kazi yake ya kuzalisha viazi lishe, vile vya rangi ya machungwa vyenye vitamini A. Mtu anashinda tuzo kubwa kuliko zote za chakula kwa kiazi, na kijana wa nchi yake anaona haya kukila mbele ya wenzake. Kiazi kinachemka chenyewe bila kusimamiwa huku wewe unasoma. Asubuhi kinaliwa kikiwa baridi, na ubaridi huo una faida: wanga uliopoa baada ya kuiva hubadilika kwa sehemu, ukawa haumeng'enywi upesi, ukafika hadi utumbo mpana na kuwalisha bakteria wazuri walioko huko. Kiporo cha viazi au cha matooke si aibu.

Hapo pia ndipo Burkitt alipokosolewa na waliomfuata. Aliweka kila kitu kwenye kapu la nyuzinyuzi, ilhali matooke yenyewe hayana nyuzinyuzi nyingi kihivyo. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ikifanywa na wanga wa aina hii. Lakini shina la hoja yake limesimama. Mwaka 2015 mtafiti Stephen O'Keefe na wenzake walichapisha jaribio la kubadilishana vyungu. Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh walipewa chakula cha kijijini Afrika Kusini, nyuzinyuzi zao zikapanda kutoka gramu kama 14 kwa siku hadi 55. Waafrika Kusini 20 wa vijijini wakapewa nyama, mafuta na vyakula vya Kimarekani. Jaribio lilidumu wiki mbili tu. Ndani ya muda huo dalili za hatari ya saratani zilizopimwa kwenye utumbo zilishuka kwa hao wa kwanza na kupanda kwa hao wa pili. Nalipenda jaribio hili kwa sababu ya wiki mbili zile. Mwanafunzi hawezi kuahidi maisha yake yote, na anayemtaka aahidi hivyo anamchosha bure. Wiki mbili kati ya mwanzo wa muhula na majaribio ya kwanza anaziweza. Ila tumbo lisilozoea maharage lianze polepole na maji mengi, vinginevyo wenzake wa chumba watamjulisha.

Nimewahi kusikia wakubwa wakisema vijana wa siku hizi ni wavivu wa kupika. Sijui walipika wapi wao. Baadhi ya hosteli za Kampala zinapiga marufuku kupika chumbani, na kwa usalama wa moto zina haki. Shida ni kwamba zinapiga marufuku bila kutoa mahali pengine, kisha mwenye nyumba anaachia kibanda cha chapati langoni. Nyumba ya wapangaji thelathini inaweza kuwa na banda moja la mabati nyuma, lenye paa refu na pande zilizo wazi, meza ya saruji, bomba, na mtungi wa gesi au plagi yenye mita yake ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, ambayo watumiaji wanaichangia. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kodi ya miezi michache ya vyumba hivyo.

Wazazi wa Bukoba, Kisumu, Goma na Juba wanaoleta watoto kusoma Kampala huwa wanauliza maswali mengi kabla ya kulipa: geti linafungwa saa ngapi, maji yanatoka kila siku, nani analala chumba cha pili. Waongeze na haya. Mpangaji anapikia wapi hapa? Mvua ikinyesha, anapikia wapi? Na kama jibu ni kwamba hapiki, basi waulize bei ya sahani ya maharage, posho (ugali) na dodo kwa mama ntilie aliye karibu, waizidishe mara siku za muhula, na waiweke pesa hiyo kwenye hesabu ya ada tangu mwanzo.